Karani Aliuliza Nini? Kuzisoma Orodha za Walioingia na Kutoka Uingereza

Mapema kabisa katika By the Sea, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2001, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar anasimama mbele ya afisa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Gatwick. Pasi aliyoshika ina jina la mtu mwingine. Anajifanya hajui Kiingereza. Afisa anapekua mizigo yake, anakuta kijisanduku cha udi, na mwishowe kijisanduku kinabaki kwa afisa. Wasomaji wengi niliozungumza nao wanaukumbuka ule udi, na wana haki. Kwangu mimi kilichokaa kichwani ni karatasi. Kwa mujibu wa karatasi za serikali, aliyeingia nchini siku ile ni Rajab Shaaban. Tarehe ni sahihi, muhuri ni halali, ila mtu siye. Mtu mwenyewe ni Saleh Omar.

Hebu fikiria mjukuu wa Saleh Omar anakuja kumtafuta babu yake miaka 50 baadaye. Anafungua kumbukumbu za walioingia, anaandika jina, anasubiri. Hakuna. Atarudi nyumbani akisema babu hakuwahi kufika Uingereza, na atakuwa amekosea kwa kuamini karatasi ambayo haikusema uongo hata kidogo. Karatasi ilijibu swali iliyoulizwa: pasi hii ina jina gani?

Hilo ndilo ninalotaka tuliongee leo. Watu wanaotafuta kumbukumbu za wageni walioingia na kutoka katika nchi fulani hukimbilia jibu: jina, tarehe, meli, bandari. Wachache hukaa kidogo na swali. Nani aliuliza? Aliuliza ili afanye nini? Kila safu ya orodha hizo ni swali la mtu fulani mwenye shughuli zake, na shughuli hizo hazikuwa za kututunzia sisi historia ya familia. Ukilisahau hilo unaweza kumhukumu marehemu kwa kosa ambalo karatasi haikumshitaki.

Nitatoa mfano ninaoujua kwa karibu.

Kuna mama mmoja wa Tanga, rafiki wa mama yangu tangu utoto wao, ambaye mimi humwita Mama Mkubwa. Baba yake aliondoka Tanga mwaka 1955 kwenda Uingereza kusoma, akamwacha mkewe na binti wa miaka miwili. Kozi ilikuwa ya miaka mitatu. Barua zilikuja, kisha zikapungua, kisha zikakoma. Habari ya kifo chake ilifika miaka mingi baadaye, kwa mdomo, kama habari za watu wa mbali zinavyofika. Katika ukoo pakawa na kambi mbili. Moja inasema alikwama: fedha, maradhi, aibu ya kurudi mikono mitupu. Nyingine inasema alitukimbia, alishaamua tangu anapanda meli. Mama Mkubwa amelelewa katikati ya kambi hizo mbili na hakuwahi kusema yeye yuko wapi.

Juzijuzi kijana wa ukoo anayeishi Leicester aliitafuta orodha ya abiria, akaipata, akaituma kwenye WhatsApp. Meli ya kampuni ya British India, imetia nanga London. Jina limeandikwa kwa makosa mawili ya herufi lakini ni lenyewe. Umri 27. Kazi: mwanafunzi. Anwani: bweni la wanafunzi mjini London. Kisha safu mbili za mwisho. Nchi ya makazi ya kudumu ya mwisho: Tanganyika. Nchi ambayo abiria anakusudia kuwa na makazi ya kudumu baadaye: Uingereza.

Unaweza kuona kilichofuata. Kambi ya pili ilishangilia kimyakimya, kama kambi za namna hiyo zinavyoshangilia. Si unaona? Ameandika mwenyewe. Makazi ya kudumu. Mama Mkubwa akanipigia simu, sauti imetulia mno. "Mwanangu, wewe unasoma haya makaratasi ya zamani. Nisomee na hili."

Kulisoma ilibidi nirudi nyuma kidogo, na naomba msomaji turudi pamoja.

Uingereza haikuanza zamani sana kuandika nani anaingia. Mwaka 1793, wakimbizi wa mapinduzi ya Ufaransa walipokuwa wakimiminika, ilitungwa sheria ya kuwataka wageni wajitambulishe bandarini. Hofu ilikuwa ya kisiasa: ni nani kati yao ni jasusi? Mwaka 1836 ikaja sheria nyingine, nahodha ataje wageni aliowabeba, na kila mgeni apewe hati ya kufika. Hati za kati ya 1836 na 1852 bado zipo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Kew, magharibi mwa London. Baada ya hapo bidii ikafifia, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mgeni aliweza kushuka London bila mtu kumsumbua. Sheria ya kwanza ya uhamiaji kwa maana tunayoijua leo ilitungwa mwaka 1905, ikiwalenga hasa Wayahudi maskini kutoka Ulaya ya Mashariki. Nayo ilikagua tu meli zilizobeba zaidi ya wageni 20 wa daraja la chini. Mwenye tiketi ya juu alipita bila kuulizwa. Agosti 1914 vita vilipoanza, bunge lilipitisha sheria ya kuwabana wageni kwa siku moja, na tangu hapo pasi, muhuri na kujiandikisha polisi vikawa sehemu ya maisha.

Huo ni mkondo wa kwanza, mkondo wa polisi. Swali lake ni: huyu ana hatari gani?

Kuna mkondo wa pili, na huu ndio unaotuhusu, maana ndio ulioacha karatasi nyingi zaidi. Ni orodha za abiria zilizokusanywa na Bodi ya Biashara, ile iliyosimamia meli na bandari. Ziko Kew katika mafungu mawili. BT 26 ni walioingia, kuanzia 1878 hadi 1960, ingawa za kabla ya 1890 zimesalia chache sana. BT 27 ni waliotoka, 1890 hadi 1960. Zote mbili zimeshapigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti za kulipia za utafiti wa nasaba: za kuingia ziko Ancestry, za kutoka ziko Findmypast. Ukifika Kew mwenyewe unazifungua bure kwenye kompyuta zao.

Bodi ya Biashara haikujali sana kama wewe ni jasusi. Ilitaka kuhesabu: watu wangapi wanahamia huku, wangapi wanahamia kule. Na ili uhesabu wahamaji lazima kwanza uamue mhamaji ni nani. Wahenga wetu walishaamua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ugeni umekwisha. Bodi nayo ilikuwa na siku yake ya tatu, na iliichapisha kwenye fomu yenyewe, kwa herufi ndogo ambazo picha ya simu huzimeza: kwamba "makazi ya kudumu" maana yake ni kukaa mwaka mmoja au zaidi.

Mwaka mmoja! Basi. Mwanafunzi anayekwenda kusoma miaka mitatu, hata kama kila usiku anaota minazi ya Tanga, hata kama ameshanunua tiketi ya kurudi, karani akifuata maelekezo lazima amwandikie Uingereza. Hakuna jibu jingine. Kipimo hicho cha miezi 12 hakijafa mpaka leo. Umoja wa Mataifa bado unakipendekeza kwa kumtambua mhamaji wa muda mrefu. Ni neno la kitakwimu lililovaa nguo za neno la kawaida. "Kudumu" katika fomu ile si kudumu kwetu.

Nilimweleza Mama Mkubwa hivyo. Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo lingemfaa mwanahistoria yeyote: "Kwa hiyo hii karatasi inasema hakukusudia kutuacha?"

Hapana, nikamwambia. Nayo haisemi hivyo. Karatasi haijui. Haikumuuliza.

Sikufurahi kusema hivyo, maana ningeweza kumpa faraja ya bei rahisi, na kambi ya kwanza ingeipokea kwa vigelegele. Lakini ukiikataza kambi moja isiitumie karatasi kama hukumu, huwezi kuiruhusu nyingine iitumie kama msamaha. Tulichopata ni kidogo zaidi, na nadhani ni cha kweli zaidi: shahidi aliyeitwa miaka yote hii kumshitaki yule bwana amechunguzwa, na hana ushahidi. Mama Mkubwa alisema, "Haya. Hilo nalo linatosha kwa leo."

Sasa nitoe mambo machache kwa anayetaka kutafuta, maana najua katika ukanda wetu wako wengi wenye babu, shangazi au baba aliyepotelea huko.

La kwanza ni jina. Karani aliandika alichosikia au alichokiona kwenye tiketi. "Bin" inaweza kugeuka jina la katikati, au kumezwa kabisa. Jina la baba linaweza kuwa jina la ukoo. Saidi anakuwa Said, Syed, au Seid. Tafuta kwa jina la meli na mwaka badala ya jina la mtu, kisha pitia ukurasa kwa ukurasa. Ni kazi ya kuchosha lakini ndiyo inayotoa matunda. Miaka ya 1950 meli za abiria kati ya London na pwani yetu hazikuwa nyingi: kulikuwa na Kenya na Uganda za British India, na zile za Union-Castle kama Kenya Castle na Rhodesia Castle. Ukijua mwezi, umeshapunguza bahari ikawa dimbwi.

La pili ni njia. BT 26 inahusu meli zilizotoka nje ya Ulaya na nje ya Mediterania. Waliopanda meli ya Kifaransa ya Messageries Maritimes wakashuka Marseille, kisha wakachukua treni na kuvuka mlango wa bahari kwa kivuko, hawatarajiwi kuwamo, ingawa walifika London kweli. Waliokwenda kwa ndege hawamo vilevile. Ikumbukwe kwamba kadiri miaka ya 1950 ilivyosonga, wanafunzi wengi zaidi walipanda ndege.

La tatu ni kurasa mbili. Fomu ziliwatenga abiria wa Kiingereza na abiria wageni, karatasi mbalimbali. Sasa mtu wa kwetu alikuwa nani? Hapa kuna kichekesho cha sheria. Mwaka 1920 bara ya Kenya ilitangazwa kuwa koloni, lakini ukanda wa pwani, ule wa maili kumi, ulibaki mali ya Sultani wa Zanzibar na ukaitwa himaya. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Nairobi alikuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, na mtoto aliyezaliwa Mombasa alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wake tu. Mzanzibari naye alikuwa chini ya ulinzi, na Mtanganyika pia. Watoto wawili, reli moja, hadhi mbili. Tutarajie karani wa bandari, ana abiria mia tano na saa mbili za kazi, alipambanue hilo kila mara? Tazama kurasa zote mbili.

La nne, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi: mabaharia si abiria. Watu wa kwetu, Wasomali, Waarabu wa Yemen, Wazanzibari, wengi wao waliingia Cardiff, South Shields, Liverpool na London wakiwa wafanyakazi wa meli, wapiga makaa na watia mafuta. Hao hutawaona BT 26. Wako kwenye orodha za mabaharia, na baadhi yao kwenye karatasi za polisi. Mwaka 1925 ilitolewa amri iliyowataka mabaharia weusi wasio na hati za uraia wajiandikishe polisi kama wageni. Wengi wao walikuwa raia halali wa himaya, ila hawakuwa na karatasi, na baharia wa makaa nani alimpa karatasi? Amri ilidumu mpaka 1942. Kwa maneno mengine, mtu akaitwa mgeni kwa sababu hakuwa na hati, si kwa sababu alikuwa mgeni. Anayetaka kuuona ulimwengu wa bandari ile kwa macho ya fasihi asome The Fortune Men ya Nadifa Mohamed, ya mwaka 2021, kuhusu Mahmood Mattan, baharia Msomali aliyenyongwa Cardiff mwaka 1952 kwa kosa ambalo mahakama ilikuja kukiri miaka 46 baadaye kwamba hukumu yake haikuwa salama.

La tano ni ukimya. Kulikuwa na uvumi katika ukoo wa Mama Mkubwa kwamba baba yake alivuka kwenda Kanada. Kijana wa Leicester alimtafuta BT 27, katika orodha za waliotoka, hakumpata. Je, hakwenda? Huenda alikwenda kwa ndege. Huenda alikwenda baada ya 1960, orodha zikiwa zimekoma. Ukimya wa kumbukumbu una uzito pale tu unapojua kumbukumbu ile ilikuwa na wajibu wa kusema. Nje ya wajibu wake, ukimya ni ukimya.

Baada ya 1960 habari inabadilika, na inakuwa nzito.

Chini ya sheria ya uraia ya 1948, waliotoka makoloni ya Uingereza walihesabiwa raia wa Uingereza na Makoloni. Meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury Juni 1948, ikiwa na watu zaidi ya 800 waliotoka visiwa vya Karibea, hao hawakuwa wageni kisheria. Walikuwa wanahama kutoka chumba kimoja cha nyumba kwenda kingine. Orodha yao ipo BT 26 na kila mtu anaweza kuisoma. Lakini sheria zikaanza kubana. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walipoanza kuondoka kwa maelfu, bunge lilipitisha sheria kwa siku tatu. Swali la bandarini halikuwa tena "una pasi gani?" bali "wewe, mzazi wako au babu yako, nani amezaliwa huku?" Pasi ile ile, rangi ile ile ya jalada, jibu likawa jingine. Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na takribani 28,000 wao wakaingia Uingereza, walikutana na nchi iliyokwisha jifunza kuuliza hivyo.

Tarehe 1 Januari 1973 sheria ya uhamiaji ya 1971 ilianza kazi. Waliokuwa wameshakaa walipewa haki ya kubaki. Walipewa haki, hawakupewa karatasi. Na wengi walikuwa wameingia wakiwa watoto, kwa pasi za wazazi wao. Karatasi iliyokuwepo ni kadi za kuingilia, zile slipu za miaka ya 1950 na 1960 zilizoandika nani kafika na lini. Zilihifadhiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani katika ghala la chini la jengo moja huko Croydon.

Mwaka 2010 ziliharibiwa.

Hakuna aliyejua huko nje mpaka gazeti la Guardian lilipoliandika Aprili 2018. Kati ya hapo, sheria za 2014 na 2016 zilikuwa zimemgeuza mwajiri, mwenye nyumba, benki na hospitali kuwa maafisa uhamiaji. Watu wa miaka 60, waliolipa kodi maisha yao yote, waliambiwa wathibitishe walikuwa nchini kila mwaka, mwaka baada ya mwaka. Wengine walipoteza kazi, wengine walinyimwa matibabu, wengine waliwekwa kizuizini au kurudishwa visiwa ambavyo hawakuvijua. Wafanyakazi wa zamani wa wizara walisema kadi zile zilikuwa zikitumika kuwasaidia watu kuonyesha mwaka waliofika. Wizara ikajitetea kwamba kadi isingethibitisha mtu aliendelea kukaa; ingeonyesha siku ya kuingia tu.

Nilipousoma utetezi huo nilijikuta nimekwama, kwa sababu kwa upande mmoja ni hoja yangu mwenyewe. Karatasi hujibu swali lake tu. Kweli, kadi ya kuingilia inasema siku ya kuingia, haisemi zaidi. Lakini tazama mzani ulivyoegemea. Serikali ilijua mipaka ya karatasi pale ilipotakiwa kujitetea, na ikaisahau pale ilipomtaka mzee wa Brixton alete karatasi. Aliyeandika ameharibu alichoandika, halafu anamwambia aliyeandikwa: thibitisha. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu mwisho wa Aprili 2018 katika msukosuko huo. Kadi hazikurudi.

Kutoka nako kuna kisa chake. Zamani pasi ya aliyepita Uingereza ilipigwa muhuri wa mstatili akiingia na wa pembetatu akitoka. Ukaguzi wa kutoka ulifutwa mwaka 1994 kwa waliokwenda Ulaya na mwaka 1998 kwa waliobaki, na haukurudi mpaka Aprili 2015. Yaani kwa miaka 17 nchi ile iliandika anayeingia na haikumwandika anayetoka. Idadi ilikisiwa kwa kuwahoji baadhi ya abiria bandarini na viwanjani. Aliyetembelea London mwaka 2005 akarudi kwao kwa wakati, hakuna afisa aliyeiandika siku ya kuondoka kwake. Kilichobaki ni muhuri wa kwao. Marekani walikuwa na tatizo la namna hiyo kwa sura nyingine. Mgeni alibanwa kadi iitwayo I-94 ndani ya pasi, na alitakiwa airudishe akiondoka. Akiisahau mfukoni, kumbukumbu ziliendelea kuamini bado yuko nchini mwao. Mwaka 2013 kadi hiyo ikahamia kwenye kompyuta kwa wanaoingia kwa ndege na meli, na sasa msafiri huitazama mwenyewe mtandaoni kwa namba ya pasi. Uingereza ilifuta kadi za kuingilia Mei 2019.

Kwa hiyo anayehitaji rekodi yake mwenyewe ya miaka ya karibuni hatafuti Kew. Anaandika kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kuomba taarifa wanazomshikia, haki ambayo tangu 2018 haina malipo, na wizara inapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja isipokuwa ombi likiwa na ugumu wa pekee. Ataje vipindi alivyosafiri, namba za pasi zote, za zamani pia, na kila namna jina lake lilivyowahi kuandikwa. Na asitupe pasi iliyokwisha muda. Wengi wetu tukipewa pasi mpya tunaona ile ya zamani ni takataka. Tiketi, barua ya chuo, risiti ya bweni, bahasha yenye muhuri wa posta, vyote hivyo ni orodha ya abiria unayojiandikia mwenyewe.

Huwa naulizwa kwa nini mtu wa fasihi ahangaike na makaratasi ya bandari. Jibu langu ni kwamba hii pia ni fasihi, fupi mno, yenye msimulizi mmoja ambaye ni karani, na masharti makali ya utunzi. Tumefundishwa tusimwamini msimulizi wa riwaya bila kumhoji. Tukifungua jalada la serikali tunaisahau hiyo elimu, tunainamisha kichwa kama waumini. Gurnah, ambaye mwenyewe aliingia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati orodha za meli zilishakoma, alimpa Saleh Omar kurasa nyingi za kusimulia yale ambayo afisa wa Gatwick hakuyauliza. Watu wengi waliopita kwenye meza ile hawakupata kurasa. Walipata mstari mmoja. Tukiusoma, tuanze na kilichochapishwa juu ya safu, na zile herufi ndogo, kabla hatujamgusa mtu aliyeandikwa chini yake.